Rumi Siitaki, Nipe Ibra

Siku tatu za azaa, matanga ya mume wangu Marhoun, zilimalizika Alhamisi, hapa Nizwa, Omani. Wageni walipoondoka, mjukuu wangu Rawya akaingia chumbani ninamokalia eda, karatasi na kalamu mkononi. Yeye anasoma tarikhi ya Warumi wa kale chuo kikuu. Mie niliishia darasa la sita Unguja, kwa hiyo yeye hunisomesha na mie humtegea vitendawili.

"Bibi, nimeandika maisha ya Babu, nataka kuyatuma kwenye kundi la familia. Lakini kuna pahala pananikwaza."

"Wapi?"

"Warumi walikuwa wakiweka kabatini nyuso za wazee wao, za nta. Mtu akifa, watu wanazivaa, wanalifuata jeneza, kisha mwanawe anasimama kutaja aliyoyafanya marehemu, vijana wapate kuiga. Kwao tarikhi kazi yake hiyo: huyu mfuate, huyu mkimbie."

"Hapa zingeyeyuka zote kabla ya adhuhuri."

Akacheka kidogo. "Basi mwanachuoni wao mmoja akalalamika kuwa sifa za mazikoni ndizo zilizotia uwongo tarikhi yao. Watu wakisifiwa kwa vita wasivyopigana. Nami naogopa. Nimeandika kuwa mwaka wa sitini na nne, siku za mapinduzi, Babu aliwaficha watu tisa nyumbani kwenu Unguja. Kweli?"

"Kweli."

"Na wa kumi?"

Nikajua keshasikia. Wa kumi alikuwa Mabruka, shoga yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Siku ile alituletea mwanawe Mahrous, mtoto wa miaka saba, akarudi mbio kwake kufuata nguo. Aliporejea, mlango umekwisha kukomewa. Aligonga, hakufunguliwa. Alasiri tulimkuta barazani amekufa, mtandio wake umenasa kwenye misumari ya mlango wetu.

Mahrous sasa ni mzee, anakaa mji wa Ibra, huku huku Omani. Kila Idi Marhoun alikwenda kumtaka radhi, na kila Idi Mahrous alimpa kahawa, mkono asimpe. Azaani hakuja.

"Watu wanasema Babu ndiye aliyemfungia," Rawya akasema. "Niliandike hilo, au niliache?"

"Kitendawili."

"Leo, Bibi?"

"Kitendawili."

"Tega."

"Mlango mmoja: mkono wa mwanamume, ulimi wa mwanamke. Nani kaufunga?"

Akafikiri, akaikunjua karatasi, akaikunja tena. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Rumi na makabati yake yote."

"Rumi siitaki. Nipe Ibra."

Hapo akaacha kucheka. "Nakupa Ibra."

"Nimekwenda Ibra, nimekaa, nimerudi. Jawabu ni hili. Mkono wa babu yako ulikuwa juu ya komeo, anataka kufungua. Mabruka anaita, 'Ghaniya, nifungulie, ni mie.' Mie nikasema, 'Usifungue, watatuona.' Baadaye watu walipouliza, babu yako akasema ni yeye. Nikamwacha aseme, miaka sitini."

Kalamu ya Rawya haikwenda.

"Andika."

"Na jina lako?"

"Na jina langu. Uso wangu nao uwekwe kabatini, katika zile za kukimbiwa."

Mwenye eda hasafiri, kwa hiyo Jumamosi alikwenda Ibra peke yake na karatasi ile. Aliporudi, akakaa kitandani kwangu na abaya yake mwilini.

"Ulimsomea?"

"Yote. Hakunikatiza."

"Kasemaje?"

"Kasema: 'Mie nilikuwa ndani, na sauti ya Ghaniya naijua. Kila Idi akinijia asiyekuwa na kosa. Mwenye kosa ndiye niliyekuwa nikimngoja.'"



"Kasamehe?"

"Nilimuuliza. Akasema hilo haliletewi karatasi."

"Afya yake?"

Rawya akavua viatu kwanza, kimoja kimoja. "Bibi, yuko kitandani. Mwanawe anamgeuza. Daktari kawaambia wasimpeleke tena hospitali."

Eda ni miezi minne na siku kumi. Leo ni ya sita. Mji nimepewa, na kutoka siwezi.