Wanja wa Injini

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mstari mweusi, mwembamba, kama wanja uliopakwa na mkono usiotulia. Ulikuwa ubavuni mwa injini, pale bomba la moshi linapoungana na chuma. Kwingine kote kulikuwa na vumbi na mafuta ya kawaida. Hapo tu ndipo palipokuwa na masizi.

Nilinyamaza. Kazi yangu kwenye gereji ya mjomba ni kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kupanga spana na kumshikia tochi. Shule niliiachia darasa la tano, na maneno ni kama niliyaacha huko huko. Mchomeleaji wa jirani, tunayemwita Cheche kwa sababu shati lake halikosi tundu la moto, ndiye aliyenipa jina la Kimya. Likaninata kuliko la kuzaliwa.

Gari lilikuwa la mkunga mstaafu, na kabla yake la marehemu mumewe. Rangi ilikuwa imepauka hadi huwezi kusema kama ilikuwa bluu au kijivu. Hospitali ilimstaafisha mama yule, lakini wajawazito hawakumstaafisha. Walimpigia simu, naye akawaendea kwa gari hilo. Siku hiyo alilileta likitoka mwendo mrefu, boneti linachoma mkono.

"Lina mlio," alisema. "Tsk, tsk, tsk. Kama mtu ananisikitikia njia nzima."

Mjomba ana bisibisi moja ndefu ambayo hafungulii kitu. Ncha huiweka kwenye injini, mpini huuweka kwenye sikio la kushoto, kisha hufumba macho. Wateja husema ana sikio la daktari. Alisikiliza, akafumbua macho, akanigeukia.

"Inagonga chini, siyo?"

Ndiyo desturi yake. Lazima aniulize, nami lazima niitikie kwa kichwa. Lakini mlio niliousikia mimi haukuwa mzito, wala haukutoka chini. Ulikuwa mwepesi, wa pembeni, na kadiri injini ilivyozidi kupata moto ndivyo ulivyofifia. Sasa utambishiaje mjomba wako mbele ya mteja? Nikaitikia.

"Imenoki," akamwambia mkunga. "Vyuma vya chini vimelika. Kuitengeneza ni kazi ya wiki mbili, na sikuahidi kwamba itapona."

Mkunga aliketi juu ya tairi kuukuu. "Basi ifungue kesho asubuhi uhakikishe. Kama ni hivyo, namwita mtu wa vyuma chakavu alibebe mchana huo huo. Siwezi kulitazama limekaa uani kama kaburi la pili."

Nilikwenda nyumbani nikilifikiria hilo. Mjomba ndiye aliyetoa hukumu, lakini kichwa kilichoitikia kilikuwa changu.

Asubuhi nilichelewa kidogo. Nilimkuta mjomba ameshalala chini ya gari juu ya kadibodi, spana mkononi, tayari kumwaga oili. Oili ikishamwagwa, injini haiwashwi tena. Kinachofuata ni kuipasua tu. Mkunga alikuwa kwenye benchi, ameshika simu kwa mikono miwili.

"Kimya, lete beseni."

Nililichukua. Sikulipeleka.

"Beseni!"

Nililikumbatia kifuani. "Mjomba," nikasema.

Cheche akainua miwani yake ya kuchomelea. "Jamani, Kimya kasema! Anueni nguo, leo itanyesha!"

Kichwa cha mjomba kikachomoza chini ya gari. "Nini?"

"Tuiwashe kwanza. Kabla haijapata moto."

"Injini imenoki, unaiwasha ya nini? Ukaimalizie?"

Nilijua nikitamka neno "sikiliza" nitakuwa nimeharibu. Kwa hiyo sikulitamka.

"Nataka uone kitu," nikasema.

Nilikwenda kwenye droo ya plagi, ambamo mjomba alikuwa ameitupa saa yake ya mezani akisema imekufa. Nikachana kipande cha karatasi laini iliyofungia plagi mpya, urefu wa kidole. Nikarudi, nikakishika karibu na ule wanja. Mjomba akajitoa chini ya gari, mkunga akaingia ndani, akawasha mwenyewe.

Mlio ukatoka kwa nguvu kuliko jana, hata Cheche akazima mashine yake. Tsk, karatasi ikaruka. Tsk, ikaruka. Tsk, ikaruka. Haikukosa hata mara moja.

Mjomba aliitazama ile karatasi. Kisha, kwa kuwa chuma kilikuwa bado cha baridi, akapeleka kiganja chake mwenyewe, akauacha moshi umpige. Uso ulimlegea kama mtu aliyesalimiwa na rafiki aliyedhani amemsahau.

"Moshi unavujia hapa," akasema polepole. "Gasketi ya kuziba hapa imeungua, na hii nati imelegea. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba ufa, mlio unapungua. Ndiyo maana jana..."

"Kwa hiyo haijafa?" mkunga akauliza dirishani.

"Mama, hata mafua haina. Ina pengo la jino tu."

Mkunga akacheka huku anafuta macho kwa kiganja. "Hata mimi," akasema, "mtoto akiwa tumboni simsikilizii upande mmoja. Nalizunguka tumbo lote." Hakumtazama mjomba aliposema hivyo. Alinitazama mimi.

Mjomba alikata gasketi mpya, akaifunga, akaikaza. Mchana haujafika, gari likatoka likikoroma kama paka aliyeshiba. Mtu wa vyuma chakavu hakupigiwa simu.

Tulipokuwa tunanawa mikono kwa sabuni ya unga, mjomba akasema bila kunigeukia, "Jana uliitikia."

"Ndiyo, mjomba."

"Ulisikia nini hasa?"

"Cha pembeni."

"Basi kuanzia leo, ukisikia cha pembeni, sema cha pembeni. Mtu wa kukuitikia tu anakupoteza njia huku mnatembea wote. Umeelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa mdomo!"

"Nimeelewa."

Siku hizi ncha ya bisibisi anaiweka yeye, na mpini ananipa mimi. "Haya, daktari, sema," ananiambia, na wateja wanadhani ni utani. Nami nasema. Cheche analalamika kwamba jina alilonipa limeanza kuchuja.

Lipo moja tu ambalo bado sijaweza kumwambia usoni, kwa hiyo naliandika hapa. Ile saa ya mezani, mjomba, siku ulipoipeleka kwenye sikio la kushoto, ukaitikisa, ukaipeleka tena, kisha ukaitupa kwenye droo, haikuwa imekufa. Nilikuwa naisikia kutoka mlangoni.