Milimita Tatu za Mjomba

Naungama, kwa akili timamu na bila kushurutishwa, kwamba fizi za mjomba wangu zilikimbia kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Mjomba, kaka yake mama, huamini kila kinachofanyika bwenini, hata ubwabwaji wetu. Asubuhi moja alinikuta kwenye sinki, akaniuliza sisi wasomi tunapigaje mswaki. Nikavaa sura ya mwalimu wa zamu.

"Mjomba, kule ni mswaki mgumu kuliko yote dukani. Unasugua kushoto kulia kama mtu anayekata ubao, mara mia kila upande, mpaka povu liwe la waridi."

"La waridi?"

"Ndiyo dalili ya usafi."

Nilitegemea acheke. Badala yake alivaa viatu akaenda dukani.

Miezi minne baadaye nilirudi tena, nikamkuta akinywa maji baridi kwa upande mmoja wa mdomo, jicho moja amelifumba kwa ganzi. Alipotabasamu kunipokea, nikaona chonge lake la juu, upande wa kushoto, limekuwa refu kuliko nilivyoliacha. Mtu wa miaka hamsini haoti meno. Nikaukumbuka utani wangu wa mswaki.

Ubaya ni kwamba mjomba ni mpiga tarumbeta. Jumamosi ile binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na alikuwa ameomba jambo moja tu: baba yake ampigie tarumbeta anapoingia ukumbini. Sasa mwenzake wa bendi alikuwa amemwambia kwamba jino likishaonyesha mzizi, limeshafunga virago. Mpiga tarumbeta asiye na jino la juu ni pampu ya baiskeli.

"Twende wote," mjomba akaniambia. "Wewe una elimu, utanisomea fomu."

Daktari wa meno alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene. Alimlaza mjomba kwenye kiti, akamwashia taa usoni, kisha akanikabidhi karatasi na kalamu.

"Msaidizi wangu anaumwa. Kaa hapo, nitakutajia namba uandike."

Hivyo ndivyo nilivyowekwa kuandika ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Alichukua kijiti cha chuma, chembamba kama sindano ya kushonea magunia, chenye alama za milimita. Alipima kutoka shingo ya jino, pale gamba jeupe linapoishia, hadi ukingo wa ufizi ulikokimbilia.

"Chonge, juu kushoto: tatu. Jirani yake: mbili. Kulia: moja, sifuri, sifuri."

Niliandika ile tatu ndogo sana.

"Andika isomeke, kijana." Akamgeukia mjomba. "Baba, unatumia mkono wa kulia."

"Umejuaje, daktari?"

"Mkono wa kulia humalizia hasira zake kushoto. Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Na ukoga sioni. Kwa wengine ufizi hukimbia kwa sababu ya uchafu ulioganda, au sigara, au ugonjwa wa fizi. Wako umefukuzwa kwa mswaki. Nani kakufundisha kusugua hivi?"

Mjomba akanyoosha kidole kwa fahari. "Huyo hapo, mpwa wangu! Anasoma bweni."

Miwani ile minene ikanigeukia. Ningeweza kudanganya, nina kipaji hicho. Lakini mjomba alikuwa bado ananitazama kwa fahari, na hilo sikuliweza.

"Shikamoo, mjomba," nikaanza vibaya. "Ulikuwa utani."

Mjomba akakishusha kile kidole.

"Hata lile povu la waridi?"

"Lile lilikuwa damu yako, mjomba."

Daktari alikohoa ndani ya barakoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mjomba hakucheka. "Daktari, niambie moja tu. Litang'oka kabla ya Jumamosi? Nampigia binti yangu tarumbeta harusini."

"Kifaa chako umekuja nacho?"

Mjomba akatoa mfukoni mdomo wa tarumbeta, kile kipande cha kupulizia. Daktari akaweka ncha ya kidole juu ya chonge, akamwambia apulize. Ukatoka mlio wa bata aliyekanyagwa. Watu waliokuwa wakisubiri nje wakanyamaza ghafla.

"Tena, kwa nguvu."

Akapuliza tena. Daktari akafunga macho, anasikiliza kwa kidole.

"Halitikisiki hata chembe," akasema. "Huo ufizi hautarudi wenyewe, na mzizi ulio wazi ndio unaokupa ganzi. Lakini ukiacha kukata mbao, ufizi utakomea hapo. Mswaki laini, duara ndogo ndogo, na dawa ya meno ya kupunguza ganzi. Jumamosi kapulize."

Hapo ndipo mjomba alipocheka, mpaka kiti kikatetemeka, halafu akanipiga kofi la mgongoni ambalo nadhani nusu yake tu ilikuwa furaha.

Jumamosi alipuliza. Binti yake aliingia akilia na kucheka kwa pamoja, naye mjomba akampigia wimbo mzima bila kukata pumzi, kisha akamtabasamia mpiga picha kwa meno yake yote, marefu na mafupi.

Ila siku hizi nikimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua inanyesha, anataka nimletee barua ya daktari.