Maneno Matano ya Chelagat

Kila asubuhi, tukisubiri gari lipate moto, nilimwambia mdogo wangu Fredy anitajie maneno matano, naye aliyataja huku akitafuna mkate. Embe, kamba, sahani, mvua, kiti. Kisha tulitoka nyumbani kwetu Adelphi, huku Marekani, kwenda chuoni. Hakuwahi kukosea.

Alhamisi ile ya Novemba alisema, "Embe, kamba..." akakwama. Mkate ukabaki mkononi.

"Sahani," nikamsaidia.

"Sahani gani?" Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa kwenye basi. "Da Nora, leo tunakwenda wapi vile?"

Maneno hayo yalikuwa ya Chelagat, Mkenya aliyekuwa mtabibu wa timu. Mwaka ule wa 2006 chuo chetu kilikuwa kimerudisha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana, na Fredy alisomeshwa kwa sababu ya kuucheza. Mchezaji akigongwa kichwa, Chelagat humtajia maneno matano, huzungumza naye mambo mengine dakika chache, kisha humtaka ayarudie. Akishindwa, hachezi. Fredy alitajiwa ya Kiswahili, kwa upendo tu, ili Kiingereza kisimwangushe. Ila Chelagat hakuwahi kuyabadilisha. Mimi ndiye niliyeligundua hilo mwezi Septemba, na mimi ndiye niliyemkaririsha.

Nilidhani namsaidia. Mama alikuwa akihudumia wazee kwa zamu mbili kule Hyattsville ili tusome, na kanisani alimtaja Fredy kwa fahari kila Jumapili. Jumamosi iliyotangulia Fredy aligongwa mpaka kofia ikamvuka. Muda mfupi baadaye akayataja maneno yote. "Huyu kichwa yake ni jiwe!" Chelagat akacheka. Nyumbani alitapika mara mbili, akanikataza nisimwambie mama.

"Usinistresi," aliniambia sasa garini. "Nimelala vibaya tu. Keshokutwa ni mechi ya mwisho, na leo saa kumi Chelagat ananipima tena. Wewe kaa mahali nikuone. Nikikwama, sema kwa midomo, bila sauti. Nitakusoma."

"Fredy..."

"Dada. Plizi."

Nikaitikia kwa kichwa. Sijawahi kujua namna ya kumkatalia mtu.

Kazi yangu maktabani ilikuwa kupiga picha magazeti ya zamani ya wanafunzi, na wiki hiyo nilikuwa nimefika mwaka 1893, msimu wa kwanza kabisa wa timu ya chuo. Nilikuwa nimewazoea wale vijana. Hawakuwa na kofia. Walifuga nywele zikawa nyingi ili zilinde vichwa. Mechi ya kwanza walifungwa arobaini kwa bila. Ya pili mvua iliwakuta uwanjani wakacheza hivyo hivyo. Katika ya nne, kijana mmoja aliyeitwa Amos Tolliver alipigwa goti la kichwa. Mwandishi alimsifu: alicheza kipindi kizima cha pili asijue yuko mji gani, wenzake wakimnong'oneza aelekee upande upi.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Wenzake wakimnong'oneza.

Mechi ya tano alicheza. Ya sita, ya mwisho, jina lake halikuwamo. Niliacha kupiga picha, nikawa nafungua kurasa tu, Desemba, Januari, kwa haraka hata nikachana kona moja. Mwezi wa Machi nilimpata, mistari minne chini ya tangazo la viatu. Mama yake alikishukuru chuo kwa shada la maua.

Saa kumi nilikaa pale Fredy alipotaka, nyuma ya bega la Chelagat. Chumba kilinuka dawa ya kuchua.

"Na wewe Honorata, mbona kimya hivyo? Umemeza ulimi?"

"Huyu yuko hivyo tangu azaliwe," Fredy akasema, wakacheka wote wawili.

Chelagat akamtajia maneno yake, yale yale. Akamuuliza habari za mama, akamtania kwamba chapati za Watanzania ni ngumu kama soli. Kisha akaangalia saa.

"Haya, kijana. Nirudishie zile tano."

"Embe," Fredy akasema. "Kamba."

Halafu basi. Akatabasamu kana kwamba anamchezea tu, na macho yake yakaja polepole kwenye midomo yangu, yakakaa hapo. Alikuwa ananisubiri. Alikuwa na uhakika na mimi.

Sahani. Midomo ilikuwa imeshafunguka.

"Hakumbuki," nikasema. Sauti ilitoka kubwa, ikanishtua hata mimi. Chelagat akageuka.

"Da Nora, nyamaza."

"Hakumbuki, dada Chelagat. Ni mimi niliyemkaririsha, kila asubuhi. Leo hakujua hata tunakwenda wapi." Fredy alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja, lakini sikuweza tena kuacha. "Sitaki acheze. Sitaki mama apelekewe maua. Sitaki mdogo wangu afe."