Mtoto wa Picha

Mpiga picha wa gazeti la Ulaya alifika katika uwanja wa parokia walikopewa hifadhi wakimbizi, nje kidogo ya Kasapa, akamkuta Régine akichambua matembele na mume wake Gauthier akisonga bukari kwenye mbabula ya makaa. Walikuwa wamekimbia Pweto baada ya nyumba kuchomwa. Njiani, risasi zilipolia, binti yao Falonne alipotelea katika umati wa watu, na tangu hapo hawakumsikia tena.

Kwa hiyo Régine alikubali kupigwa picha. Alitaka kitu kimoja tu.

"Uandike jina yangu yote," alimwambia Aristote, bwana wa mtaa wa Makomeno aliyelipwa kutafsiri. "Régine Kangwa, wa Pweto, mwenye mashini ya kusaga. Binti yangu akisoma, atajua tuko hapa."

Aristote alitafsiri. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akachungulia kwenye kamera, akanong'ona.

"Papa, toka kidogo mu picha," Aristote alimwambia Gauthier. "Banasema kule kwabo bantu bakiona mwanaume mweusi mu kambi, banaogopa. Na weye, mama, beba mutoto."

"Sina na mutoto mudogo."

Kamera ikalia. Régine akawa amebeba mtoto mchanga, mwenye uzito wa kawaida, aliyekuja na inzi wake machoni. Gauthier akawa haonekani. Mwiko uliendelea kuzunguka sufuriani bila mkono, na Régine akamwambia mumewe asiache bukari ishike chini. Majirani walileta vitambaa vya kumfunga mtoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakupigwa picha.

Jina ndilo lililoshindikana. Kwao mtoto hupewa jina na waliomzaa, jina la nkambo wake, babu au bibi wa ukoo, na huyu hakuwa na ukoo. Wakaishia kumwita Mutoto tu. Wagawa unga nao walimwandikisha Régine kuwa mjane. Gauthier alipopinga, walimpa Régine pole kwa kusumbuliwa na sauti ya marehemu.

Gazeti lilipotoka, Aristote aliwaletea. Chini ya picha waliandika: mama mkimbizi na mwanawe. Kangwa hakuna, Pweto hakuna, mashine ya kusaga ndiyo usiseme. Ukurasa uliofuata ulikuwa na mkimbizi mwingine, mwanamke mzungu aliyekimbia vita vya huko kwao. Huyo aliandikwa jina lake lote, mji wake, kazi yake ya kutibu meno, na maneno yake yakajaza nusu ya ukurasa. Mume wake alisimama kando, kamkumbatia, wala hakumtisha mtu. Mwanamke alipakata paka. Paka aliandikwa jina.

Régine alilisoma jina la paka, akarudia. Hasira ilimpanda, akamlaza mtoto mkekani asije akamwangusha.

"Paka!" alisema. "Miye nilibaambia jina yangu kwa kinywa yangu!"

Mvua za kwanza zilipoanza, akaja Mama Chama, jirani yao wa Pweto, anayevuka mpaka wa Zambia kununua samaki wakavu. Alikaa, akanywa maji, akasema.

"Falonne alikuwa mu kambi ya ng'ambo. Hii picha ilibandikwa kule ku ukuta. Aliiangalia sana. Akasema, sura iko ya mama, lakini mama hana na mutoto mudogo, na papa hawezi kumuacha peke yake. Benzake balikuwa banaenda mbali, akapanda lori pamoja nabo. Miye nilifika nyuma, lori imekwisha kwenda."

Sauti ya Gauthier iliuliza lori lilielekea wapi. Mama Chama hakujua. Régine hakulia. Alikunjua gazeti, akaipasua picha yake vipandevipande, na mtoto akabaki vilevile mkekani, akidai uji. Bakuli likaja lenyewe hewani, likatua mbele ya Régine, naye akamlisha, maana mtoto hana kosa.

Alikuwa bado anamlisha mtoto wakati Aristote alipoingia uwanjani na habari njema. Picha ilishinda tuzo huko Ulaya, ingetundikwa kwenye ukumbi mkubwa, na sasa waliuliza jina.

Régine akainua kichwa.

"Ya mutoto," alisema Aristote.

"Kwetu jina inatoka kwa benye kuzala. Bamupatie bo. Ni bo balimuzala."

Aristote akapiga simu Ulaya palepale, akawaambia kwamba mama amesahau jina la mtoto wake.