Kuombewa kwa Jina

Kinyozi aliingia kwenye uwanja wa kanisa akiwa amevaa koti ambalo marehemu mwenyewe alimshonea, nalo likimbana makwapani. Marehemu alikuwa fundi cherehani wa duka la pili. Ukuta wa mbao uliotenganisha maduka yao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwenzake anamwambia "afya" bila kuinuka kitini. Kinyozi alimwita Askofu, ingawa cheo chake kanisani hakikuzidi kushona majoho ya kwaya. Askofu naye alimwita Kondoo, kwa sababu kinyozi alionekana kanisani kwenye harusi na misiba tu, na hata hizo harusi alifika chakula kikishapakuliwa.

"Kondoo, leo utaokoka?"

"Bado, Askofu. Nikiokoka, wewe utabaki na kazi gani?"

Ndivyo walivyoamkiana miaka nenda miaka rudi, mpaka maradhi yalipomlaza Askofu na kisha yakamchukua. Leo ilikuwa ibada ya kumkumbuka, na mjane wake alikuwa amemwomba kinyozi aseme machache. Alimdaka mlangoni, akamshika mkono wa koti.

"Shemeji, kuna jambo linanisumbua. Mwishoni alikataa kusali na mimi. Namwambia baba, tusali. Ananijibu sali wewe, mimi nitaitikia. Na haitikii. Lakini ukija wewe kumnyoa, mnafunga mlango, mnaongea weee. Sema neno juu ya imani yake, shemeji. Nalihitaji mimi kuliko hawa wote."

Kinyozi akatikisa kichwa kukubali. Alijua kilichokuwa nyuma ya mlango ule. Askofu, povu likiwa limemjaa kidevuni, alimwambia: "Naomba, Kondoo, lakini ni kama kugonga ule ukuta wetu na wewe umeshafunga duka umekwenda zako. Usimwambie mama watoto." Na kinyozi hakumwambia mtu. Kiti chake kilikuwa kimesikia mimba, talaka na madeni ya nusu ya mtaa, na hakuna hata moja lililowahi kufagiliwa nje pamoja na nywele.

Siri yake mwenyewe ilikuwa moja. Mkewe alikuwa amemwacha. Wateja aliwaambia kaenda kumuuguza mama yake. "Mama mkwe hali mbaya," alikuwa akisema, wembe juu juu. "Maradhi yake ni mimi, na dawa haijatoka." Wateja walivunjika mbavu, naye ikambidi awakumbushe wasitikisike, wasije wakaondoka na sikio moja. Ukweli, kwamba alirudi akakuta kabati wazi na ufunguo mezani, kwamba siku hizi alilala sebuleni kwa kuwa kitanda kilimshinda ukubwa, alimwambia Askofu peke yake.

Akaingia ukumbini, akatafuta kiti cha pembeni. Dereva wa lori, mteja wake wa siku nyingi, akaja kukaa ubavuni kwake.

"Pole sana, kaka. Na usikate tamaa. Shemeji atarudi."

"Atarudi tu, mama yake akipona."

Dereva akamtazama, akashusha sauti. "Kaka, hapa tuko wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Sisi wa kikundi cha maombi! Si tunakuombea kila Alhamisi? Tena kwa jina. Marehemu ndiye aliyekuwa akituletea. Ile siku uliyolia sebuleni mpaka jirani akagonga, sisi tulifunga."

Mama mmoja muuza vitambaa, aliyekaa kiti cha mbele, akageuka mwili mzima. "Hata mimi nilifunga, ndugu yangu. Na nina vidonda vya tumbo."

Juzi tu dereva alikuwa kitini kwake, akicheka habari za mama mkwe hadi kufuta machozi.

"Na ule mzaha wangu?"

"Tulikuwa tunacheka, kaka. Tuliona unajikaza, tukasema tusikuangushe."

"Nani aliwaambia nataka kuombewa?"

Wawili wale wakatazamana. "Si wewe?" akauliza muuza vitambaa. "Alisema umemtuma. 'Rafiki yangu amenituma, anawapigia magoti.' Mimi nililia siku ile."

Amewapigia magoti! Kinyozi, ambaye hata akiokota sarafu aliinama kwa shingo upande. Askofu angekuwa ameropoka tu barazani, angemwelewa. Midomo huwasha, na yeye aliishi na midomo ya watu. Lakini Askofu alikaa chini akamtungia maneno, kisha akafumba macho akayasema mbele ya Mungu wake, Alhamisi baada ya Alhamisi. Asubuhi yake akaja kumuuliza kama ataokoka. Na watu wote wale walikuwa wakimpa kinyozi shingo zao pamoja na huruma yao, yeye akijiona anawachekesha.

Akaitwa mbele. Maikrofoni ikapiga mluzi, mtu akaizima na kuiwasha tena, ikatulia. Mezani palikuwa na picha ya Askofu, futi ya kupimia nguo shingoni, anacheka. Kinyozi aliitazama akaona sentensi yote imekuja ulimini, tayari: huyu mnayemlilia mwishoni hakuwa na hakika kama kuna anayemsikia. Pumzi moja tu, na wangekuwa wamelipana. Kwenye safu ya kwanza shemeji yake, yule mjane, alikuwa amekikunja kitambaa hadi kimekuwa kama kamba.

"Mimi ni kinyozi," akaanza. "Mke wangu ameniacha. Najua mnajua. Nimesema ili angalau mara moja mlisikie kwangu."

Akaigeukia picha ya mezani.

"Sikumtuma mtu. Huyu bwana aliwadanganya, mkafunga, wengine na vidonda vya tumbo." Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. "Ni rafiki yangu. Koti hili kanishonea yeye, na yeye ndiye aliyenivua mbele yenu. Leo nimekuja na hasira, namtafuta nimtolee, simwoni. Ninyi sina ugomvi nanyi."

Shemeji yake akainua uso.

"Nimeombwa niseme juu ya imani yake." Sentensi ile ikapanda tena, ikagusa meno. "Mtu akikaa kwangu kunyolewa, anayosema ni yake. Yeye hilo lilimshinda. Mimi halinishindi, na sifanyi kwa ajili yake. Ila moja nitalitoa. Kila nikimaliza, alikuwa akishika kidevu na kuuliza, 'Umenitoa vizuri? Mama watoto asinione nimechoka.' Basi."

Shemeji yake akainamisha kichwa. Kinyozi hakuweza kujua kama alikuwa amempa kitu au amemnyang'anya, na hakusubiri ajue. Kwaya ikasimama kuimba, yeye akapita katikati ya viti na kutoka nje, jua likampiga usoni.

Muuza vitambaa akamfuata, viatu mkononi ili awahi.

"Ndugu, tusamehe. Tulidhani unajua."

"Ninyi hamna kosa, mama."

"Sasa Alhamisi tufanyeje? Tuendelee kumwombea mkeo arudi, au tuache?"

Acheni. Neno lilikuwa limeshaiva, lilikuwa tamu, alitaka sana kulisema. Alifungua mdomo, na likagoma kutoka. Akabaki amesimama pale na koti lake, akitazama barabara kana kwamba kuna mtu alikuwa akija.

"Endeleeni," akasema.

"Kwa jina?"

"Kwa jina. Lakini semeni nimelileta mwenyewe, kwa miguu yangu. Askofu msimtaje."