Pale Alipoegemea Ukuta

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halifumuki hata uivae nguo hiyo kuchimbia kisima. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na cherehani moja, benchi moja, na midomo isiyopungua sita. Waliokuja kupimwa magauni walibaki kupima watu: nani kafungasha virago, nani kaonekana na mume wa nani. Mama Pindo aliyajua ya kila nyumba. Ya kwake hakuna aliyeyajua.

Basi asubuhi moja akaingia msichana mrefu, kichwa kakinyoa, mgongo umenyooka kama kameza rula, akauliza, "Samahani, mama. Ni wewe uliyekuwa ukiitwa Sindano?"

Benchi zima likapasuka kwa kicheko.

"Sindano!" mmoja akasema huku akijifuta machozi. "Labda ile ya kushonea magodoro!"

"Cheka tu," Mama Pindo akamjibu, pini zimo mdomoni. "Kiuno chako nimekiongezea kitambaa mara tatu mwaka huu. Nimesema kitu?"

Lakini mkono wake ulikuwa umeliacha gurudumu la cherehani. Jina lile la jukwaani hakuwa amelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Msichana alikuwa mwalimu wa dansi, na alitaka kuirudisha jukwaani dansi ya mwisho ya Kaptula. Kaptula, kwa wasiomjua, ndiye aliyekuwa mtunzi wa dansi aliyewafanya watu walioingia ukumbini kwa kudandia tu watoke wakiwa hawasemi. Kikundi chake kilikuwa na watu kumi na watatu. Halafu ukaja ule ugonjwa ambao wakati huo hakuna aliyeutaja kwa jina. Watu walisema "ule" wakainua nyusi. Ukawachukua mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye mazishi ya mpiga tumba ikakosekana mikono ya kumpigia tumba. Kaptula alikwenda. Mume wa Mama Pindo, mpiga tarumbeta, alikwenda. Kumi na wawili waliondoka. Wa kumi na tatu alikuwa hapa, anakunja pindo.

"Tumeshajifunza yote kwenye kanda ya video," yule Mwalimu akasema. "Dada yake Kaptula ndiye aliyetupa, na ruhusa katusainia. Onyesho ni mwezi ujao. Tunaomba tu uje ututazame."

Akaenda. Ukumbi wao wa mazoezi ulikuwa bohari ya mbao zamani: sakafu ya saruji, viti vya plastiki, na televisheni yenye deki juu ya meza inayotikisika. Mbele kabisa alikaa dada yake Kaptula, mkoba mapajani, kajipaka poda hadi shingoni.

"Wifi yangu!" akapiga ukelele. Alimwita hivyo tangu ujana wao, kwa kutamani tu. Mama Pindo na Kaptula hawakuwahi kuwa na lolote zaidi ya kugombania maji ya kuoga baada ya mazoezi.

"Dada mkubwa, hujambo?"

"Sijambo, kaa hapa. Leo utalia."

Wachezaji kumi na mmoja wakaanza. Walikuwa wazuri, jamani. Mama Pindo alihisi mapaja yake yakizikumbuka hatua kabla ya kichwa. Ndipo wakafika katikati. Kiongozi wao akasimama ghafla, akaenda ukutani, akaegemeza kiganja, akainamisha kichwa. Pumzi nane. Akajifuta uso kwa bega. Kisha akarudi akiukokota mguu wa kulia kama mguu wa mtu mwingine. Na wenzake kumi nao wakaenda ukutani, viganja kumi, vichwa kumi, pumzi nane, miguu kumi ikikokotwa kwa pamoja bila hata mmoja kukosea.

Siku ya kurekodi kanda ile Mama Pindo alikuwepo. Kaptula alikuwa ameomba arekodiwe peke yake ili dansi isipotee, na asubuhi hiyo Mama Pindo alikuwa amemwogesha kwenye beseni, akamtobolea mshipi tundu la tatu. Ukutani alikwenda kwa sababu alikuwa anaanguka. Mpiga picha hakuzima kamera.

"Sehemu hiyo ndiyo inayowaliza watu," Mwalimu akasema kwa fahari. "Tunaiita Ukuta."

"Hiyo siyo dansi," Mama Pindo akasema.

"Vipi, mama?"

"Hapo alikuwa anaumwa. Mnacheza ugonjwa wake."

Dada mtu akageuka na kiti chake. "Nani alikuwa anaumwa? Ndugu yangu alikuwa mzima wa afya! Alikufa miezi mitatu baadaye, homa ya siku mbili tu. Hata kwenye kijitabu cha onyesho imeandikwa hivyo."

Mwalimu akatazama huku na huku. "Mama, ni miaka mingi imepita. Kilichomo kwenye kanda ndicho tulichochukua. Una uhakika gani?"

Hapo palikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema labda nimesahau, uzee huu, wakacheka, akarudi kwenye benchi lake lililojaa. Na Kaptula, aliyewahi kumrudisha mchezaji nyumbani kwa kosa la kuchelewesha kidole kimoja, angekumbukwa kwa kukokota mguu mbele za watu, na watu wangepiga makofi.

"Nina uhakika kwa sababu nilimwogesha mimi," akasema. "Na mguu ule naujua, hata wangu ulinifia hivyohivyo kabla sijaanza vidonge. Mwaka wa kumi na tisa huu nameza. Alikuwa na UKIMWI, dada. Wote walikuwa nao. Mimi virusi ninavyo mpaka leo."

Mmoja wa wachezaji akakohoa. Dada mtu alimtazama Mama Pindo, poda ikimpasuka kando ya mdomo.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Uliyemuua."

"Dada, mimi aliniambukiza mume wangu. Ndugu yako hakuwahi kunigusa..."

"Ni wewe! Na mimi nakuita wifi!" Akainuka, akaichomoa kanda kwenye deki, akaitia mkobani. "Ruhusa nimeifuta. Dansi ya ndugu yangu haichezwi."

Maneno yalifika mtaani kabla yake. Siku ya tatu benchi lilibaki na mtu mmoja, siku ya nne likabaki benchi. Mwenye gauni la arusi alikuja kuchukua kitambaa chake kikiwa hakijakatwa, akakipokea kwa ncha za vidole. "Si kwa ubaya, mama," akasema. Mama Pindo alijua neno kwa neno walichokuwa wanasema huko walikohamia. Si ndiye aliyewafundisha? Kwenye benchi hilohilo aliwahi kumcheka nao mpangaji wa nyumba ya tatu aliyekonda, tena yeye ndiye aliyeuliza kama mtu huyo apimwe kwa uzi badala ya utepe.

Wiki ya pili akaja Mwalimu na wachezaji wake, wakajaa chumbani mpaka mlangoni.

"Onyesho halipo," akasema. "Ukumbi nao tumenyang'anywa. Lakini hatulali, mama. Pale ukutani palikuwa na nini?"

Mama Pindo akawatazama. Kisha akasukuma cherehani hadi pembeni, akavua viatu.

Akawapa alichokuwa nacho. Magoti yalilia, kiuno kikagoma, lakini hatua za mstari wa kulia zilitoka moja baada ya nyingine. Walipofika pale, akasimama.

"Hapa aliruka."

"Aliruka vipi? Miguu pamoja?"

"Sijui."

"Mikono je?"

"Sijui, mwanangu. Sisi wa kulia alitupanga tumpe mgongo. Waliokuwa wanamtazama ni wa mstari wa kushoto." Hakuhitaji kusema walikuwa wapi. "Nimeicheza dansi hii miaka saba na sijawahi kumwona akiruka. Nilikuwa namsikia tu."

Nje mtu alipita, akachungulia, akaharakisha.

"Basi sikiliza," Mwalimu akasema, akamwashiria kiongozi wa wachezaji.

Mama Pindo akawapa mgongo, akafumba macho. Nyuma yake miguu ikakimbia, ikaondoka sakafuni, ikatua.

"Siyo. Umewahi mno."

Akaruka tena.

"Siyo."

Wakabadilishana, kila mmoja kwa namna yake. Saruji ikapiga, pini zikatetemeka kwenye kopo. Siyo. Siyo. Jasho likamtoka Mama Pindo mwenyewe, kwa kusikiliza tu.

"Hata kukaribia, mama?" Mwalimu akauliza.

"Hata kukaribia," akasema, bila kugeuka. "Ruka."