Sahani Tupu za Kitanda cha Tisa

Tangu asubuhi Mama Mizani alikuwa kiguu na njia. Jina hilo alipewa na wagonjwa, maana kila alipoingia wodini alikuja kupima kitu: mtu, uji, hata mabaki. Ilikuwa siku yake ya mwisho ya mafunzo kwa vitendo. Jioni afisa lishe, yule mama wa miwani asiye na masihara, angetia sahihi fomu yake, naye angekuwa msaidizi wa lishe aliyesomea hasa, si mshona nguo anayebahatisha. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Tangu aifunike cherehani yake miaka miwili iliyopita, mama mkwe hakumpa nafasi ya kupumua.

"Miaka miwili chuoni kujifunza kupima uji!" alikuwa akisema. "Mimi nimelea watoto saba kwa kukadiria, na wote hao wamenenepa."

Kazi yenyewe si lelemama. Kabla ya mlo alisimama mwisho wa meza ndefu ya jikoni akilinganisha kila trei na kadi yake: utepe mwekundu, hakuna chumvi; wa bluu, chakula kipondwe. Baada ya mlo alizunguka vitanda thelathini akikusanya sahani na kujaza fomu za ulaji: robo, nusu, yote. Trei zikichelewa kurudi, mpishi mkuu alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Basi Mama Mizani akazoea kuangalia sahani, mwenye sahani akamwachia muuguzi.

Saa nne daktari alipita na afisa lishe, Mama Mizani akiwa nyuma yao. Kwenye kitanda cha tisa alilala seremala mstaafu mwenye moyo dhaifu, mzee aliyekula chumvi nyingi maishani na sasa amekatazwa hata chembe. Daktari alisoma fomu zake, akamtazama, akasoma tena.

"Siku sita anamaliza chakula chote, na kilo tatu zimeondoka. Kuna kitu tumboni. Kesho tunampa dawa ya usingizi, tunapitisha kamera kooni tuangalie."

"Moyo wake utahimili hiyo dawa?" afisa lishe aliuliza.

"Hapo ndipo ninapoogopa. Lakini fomu ndizo hizi."

Fomu zote sita zilikuwa mwandiko wa Mama Mizani. Alijaribu kujiambia kwamba yeye kaandika alichokiona, lakini roho haikutulia. Mchana aligawa trei, akatoka, akafika ngazini, akarudi. Pazia la kitanda cha tisa lilikuwa limevutwa. Alilisogeza kidogo.

Mzee alikuwa akimlisha mkewe.

"Kula, mke wangu. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni."

"Na wewe je?"

"Mimi hiki kisicho na chumvi hakinipiti kooni. Halafu yule Mama Mizani akikuta sahani tupu anafurahi, ananipigia makofi. Kwa nini tumnyime raha?"

Ni kweli, Mama Mizani alikuwa akimpigia makofi. Kila siku: hongera baba, umemaliza!

Bibi alimwona, kijiko kikamponyoka. "Usimsemee, mwanangu. Watamgombeza."

"Mama, kesho wanamlaza usingizi kwa sababu ya sahani hizi."

Alitoka mbio, lakini mbio zenyewe ziliishia ukumbini. Alifika mlango wa afisa lishe, akageuka. Angeweza kuandika "robo" ya leo tu, akanyamaza kuhusu zile sita. Lakini robo moja isingemzuia daktari. Akaurudia mlango, akageuka tena, akijilaani kwa kuwa mwoga wa kipande cha karatasi. Mara ya tatu akaingia bila kubisha, akasema yote kwa pumzi moja.

Afisa lishe alivua miwani. "Ulimwona akila, hata siku moja?"

"Hapana."

Yule mama alichukua kalamu akazifuta fomu zote sita, moja baada ya nyingine, kisha akampigia daktari simu. Kamera ikaahirishwa. Halafu akairudisha fomu ya mafunzo kwenye droo, bila sahihi.

"Mwezi mmoja zaidi. Unaanza na mlo wa jioni."

Mama Mizani alipandwa na hasira, na hasira ikageuka aibu kabla hajafika jikoni. Alitamani kuvua koti jeupe aende zake. Badala yake aliomba limau, na mpishi mkuu akampa huku akinung'unika.

Jioni bibi alipelekwa na muuguzi kula kantini. Mama Mizani alivuta kiti, akakamulia limau kwenye chakula badala ya chumvi, akaketi. Miguu yake haikutaka kutulia chini ya kiti.

"Utanikodolea macho hivi mpaka lini?" mzee aliuliza.

"Mpaka umeze, baba."

Akameza. Akakunja uso, akameza tena. Ilichukua muda mrefu sana. Mpishi alituma mtu kuulizia trei, akaambiwa asubiri. Mama Mizani aliandika: vijiko vinne.

Mzee alinyoosha shingo akasoma.

"Vinne tu? Nimesikia wamekuzuia kwa ajili yangu. Andika nusu, mwanangu, wakupitishe."

Mama Mizani alijaza kijiko, akakisogeza mdomoni mwa mzee.

"Cha tano, baba."